Nyumba ya Baba Uliyowaahidi Wageni

Mpendwa mdogo wangu Yosia,

Ukiona bahasha imefika wazi usigombane na watu wa posta. Ni mimi. Sikuilamba. Nataka kila atakayeishika kutoka hapa Kamachumu mpaka huko Amerika aisome, na kabla haijaondoka nimeshawasomea wanawake wa sokoni Nshamba. Wamenifanya nirudie mara mbili pale penye matofali. Utapafikia.

Sisi wazima. Kahawa imetoa maua, mbuzi amezaa mapacha, na Ma Andrea jirani yetu bado anaongea kuliko mimi, ingawa yeye anasema ni mimi. Mwandiko wangu utausamehe. Niliishia darasa la pili na sababu unaijua, ulikuwa mgongoni kwangu. Ma alikuwa shambani, wewe unalia, na mwalimu akasema mtoto anayelia hakai darasani. Basi tukatoka wote wawili. Wewe ulirudi ulipokua, mimi sikurudi. Sidai kitu hapo. Nasema tu kwa sababu bahasha iko wazi.

Barua yako ya mwisho nimeipata. Unarudi msimu wa senene, utashuka Bukoba na meli ya Mwanza, na unakuja na wageni wawili, yule mzee wa Kizungu na mke wake waliokuweka kwao na kukuzungusha kwa gari kuangalia nyumba za zamani. Vizuri. Karibuni. Halafu unasema umewaambia habari za mushonge wetu, ile nyumba ya nyasi ya marehemu baba yetu, Ta. Umewaambia Ta aliujenga kwa mikono yake mwenyewe. Umewaambia nyasi zake zinafika chini mpaka mbuzi wanazing'oa. Umewaambia bado umesimama katikati ya migomba ya kibanja, na dada yako anautunza. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona, ukaandika: "Dada, tafuta mafundi wajenge haraka, palepale. Uwe unawasha moto ndani kila siku ushike moshi, uonekane wa zamani."

Nilicheka mpaka Ma Andrea akavuka ua kuuliza nani ameolewa.

Yosia, baba yangu. Mushonge upi?

Ngoja nikukumbushe, maana huko kwenye baridi huenda umesahau. Unakumbuka zile nyasi za ndani? Kila Jumamosi Ma alikuwa anatoa za zamani anatandika mpya, na sisi wawili tunajirusha juu yake kabla hajamaliza, naye anatupiga na shada la nyasi mkononi, anacheka. Mbuzi upande ule, sisi upande huu, mafiga katikati. Msimu wa senene Ma alikuwa anakupa kazi ya kunyofoa mabawa na miguu, na wewe ulikuwa unakula mmoja mmoja mbichi ukidhani sikuoni. Nilikuwa nakuona. Sikusema. Siku hizo nilikuwa bado najua kunyamaza.

Unakumbuka radi? Ulikuwa unaziogopa kuliko chui. Ikipiga tu, unakuja kujificha kwapani kwangu. Ta alikuwa anagonga ile nguzo ya mlangoni na ngumi yake, anakwambia, "Yosia, haipiti hapa. Nimesuka mwenyewe." Na wewe ulimwamini, ukanyamaza. Mvua yenyewe tulikuwa hatuisikii. Tulijua imenyesha tukitoka nje tukikuta uwanja umelowa.

Sasa basi. Ta akafa, wewe ukawa mwalimu, ukaja na viatu. Ukamwambia Ma kwamba mwalimu hawezi kuinama kuingia kwake, wageni watamcheka. Nilikuwepo, nilikuwa namenya ndizi. Ma alikujibu polepole, "Baba yako aliinama kila siku, na hakuna aliyemwona mfupi." Ukatoka nje. Nikadhani yamekwisha.

Wiki ile ile ukatutuma Kashozi, mimi na Ma, tukamjulie hali shangazi. Ukatutafutia na lori. Ukatufungia na vitafunio vya njiani, wewe ambaye hujawahi kumfungia mtu hata chumvi. Tulikaa kwa shangazi siku mbili, na shangazi mwenyewe alikuwa mzima anacheza ngoma. Siku ya tatu tukarudi, tukapanda kile kilima cha nyumbani, Ma akasimama. Pale tulipokuwa tukiona kilele cha mushonge tangu mbali tukakuta anga. Anga tu, Yosia, na migomba imeshangaa pembeni.

Na matofali. Hapa ndipo wanawake wa Nshamba walipotaka nirudie. Matofali ya nyumba yako, yale uliyoyafyatua na kuyakausha mapema, ulikuwa umeyapanga tanuri, na kuni ulizotia ndani zilikuwa nguzo za Ta. Zote. Mpaka ile ya mlangoni. Moshi ulikuwa unatoka, wewe umekunja suruali, unafurahi, unatuambia, "Mmerudi mapema." Ma alikwenda karibu na tanuri, akaweka kiganja chake pale, akakaa nacho. Akasema, "Bado ana joto." Wewe ulidhani anasema tanuri.

Nyumba yako ikasimama. Nzuri, sibishi. Bati linang'aa, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo kama ya misheni. Mvua ya kwanza iliponyesha Ma alitoka chumbani mbio ameshika shuka, akaniuliza, "Nani anatupiga mawe?" Nikamwambia, Ma, ni mvua. Hakuamini mpaka alipotoka nje ikampiga usoni. Miguu yake ikawa inauma kwa ile saruji. Akahamia jikoni, kwenye kile kibanda cha nyuma, kwa sababu kule kulikuwa na moto na udongo. Wewe ulikuwa umeshapanda meli na sanduku lako kwenda Amerika. Alikaa jikoni kule mpaka akafa. Nilikuandikia. Ukajibu kwamba umelia sana na kwamba huko kuna theluji.

Baada ya hapo ndipo zikaanza kuja kadi za picha. Mimi nazipenda kadi, sitaki kukudanganya. Nimezipigilia zote ukutani. Iko ile ya kinu cha maji ambacho hakisagi tena kitu lakini gurudumu wanalizungusha ili watu walione. Iko kengele iliyopasuka, haigongwi, lakini ina askari wake wa kuilinda. Iko ile nyumba kubwa nyeupe yenye nguzo mbele, ambayo uliandika kwamba nyuma yake kuna vibanda vya watumwa, vyeusi, vimeinama, na mtu wa kuongoza wageni aliwapitisha hapo haraka hakusema neno. Uliudhika sana. Ukaandika, "Dada, waliojenga ile nyumba walikaa kule nyuma, na hakuna anayewataja." Nilisoma hapo nikageuka nikaangalia kibanda cha jikoni.

Halafu ile ya mwisho. Nyumba ya magogo ya mkubwa wao mmoja wa zamani, ndogo, sakafu ya udongo, mafiga ndani. Ukaniambia watu wanapanga mstari kuingia na wanainama mlangoni, hata wakubwa wa serikali wanainama. Ukaniambia kitanda kimezungushiwa kamba na hakiguswi. Ukaniambia ulisimama mbele ya yale mafiga ukalia machozi mbele ya Wazungu, mpaka yule mama akakupa kitambaa chake, ukamwambia, "Nyumba ya baba yangu iko hivi." Iko. Uliandika iko.

Nikaiweka chini, nikachukua jembe nikaenda kupalilia. Nilipalilia mpaka nikaingia kibanja cha Ma Andrea, akaniuliza kama namdai.

Lakini mimi si mtu wa kukasirika mdogo wangu, unanijua. Nikikasirika napata kazi. Nikajiambia, kumbe nyumba ya mtu mkubwa hutunzwa namna hiyo, kwa kamba na mtu wa kueleza. Kamba ninayo, maana migomba haijakosekana hapa. Na kueleza, nani Kagera nzima ananishinda kueleza?

Basi nimeitunza nyumba yako. Kiti chako nimekifunga kamba. Kitanda chako nimekifunga kamba. Viatu vyako vile vya kwanza nimeviweka juu ya meza, na kamba. Na kila siku ya soko wanawake wakirudi wanapitia hapa, nawaonyesha. Mara ya kwanza Ma Andrea alisimama mbele ya kiti akaniuliza, "Kwani Mwalimu amekufa?"

"Hajafa, yuko Amerika."

"Sasa kamba ya nini?"

"Huko ndivyo wanavyofanya. Ukiwa mkubwa kiti chako hakikaliwi tena."

"Basi nikopeshe hiyo kamba nikamfunge baba Andrea. Kiti anakikalia tangu asubuhi na ukubwa hatujauona."

Tulicheka pale mpaka tukakaa chini. Lakini wakitoka hawachekagi, kwa sababu mimi siwaanzii mbele. Nimejifunza kwako. Naanzia nyuma. Nawaingiza kwanza jikoni, nawaonyesha mkeka wa Ma na mahali alipoweka kichwa, nawaambia huyu ndiye aliyemzaa mwenye nyumba. Halafu nawapeleka ukutani. Pale kona ya kulia kuna tofali moja lenye doa jeusi kama mkono, moto ulililamba vibaya. Nawaambia waliguse. Nawaambia hilo lilichomwa na nguzo ya mlangoni, ile aliyoigonga Ta kumtuliza mtoto wake radi ikipiga. Wanaligusa, wananiangalia. Na mimi mwongeaji nasubiri mpaka watoe mkono.

Wameshakuja wa Muleba, wamekuja wa Bukoba mjini na miavuli yao. Wamekuja hata wanakwaya wa Kikatoliki kutoka Kashozi, wameletwa na shangazi ambaye bado mzima bado anacheza. Mchungaji wetu alikuja pia. Aligusa tofali akavua kofia. Aliniuliza kama nimekusamehe. Nikamwambia, Baba Mchungaji, atakaporudi nitaangalia uso wake. Nikampa ndizi akala.

Sasa unataka nijenge mushonge. Fundi yupo. Mmoja amebaki, yule aliyemsaidia Ta kusuka kilele, na nilikwenda kumwambia maneno yako kama ulivyoyaandika. Aliniuliza, "Wa kukaa nani?" Nikasema wa kuangaliwa tu. Akasema yeye nyumba ya kuangaliwa hajui inavyoanzwa. Akarudi kwenye pombe yake ya rubisi. Kwa hiyo nyumba hiyo haipo, na hata angekubali, mimi nisingekubali. Hutamtia Ta moshi wa uongo. Moshi wake ulishautoa wewe.

Lakini usiwakataze wageni kuja. Waje. Nitawapikia ndizi na maharage, senene nitawakaanga wakolee, na yule mama nitamshukuru kwa kitambaa. Nitavaa gauni la kanisani. Sitapiga kelele, sitalia, hutaona aibu ya dada mshamba. Nitawaongoza vizuri kuliko walivyowahi kuongozwa huko kwao.

Tutaanzia jikoni. Kisha tofali, mzee aliguse. Kisha kiti chako na viatu, wacheke kidogo. Halafu nitawapeleka katikati ya kibanja, mahali penyewe. Hukuwahi kuniuliza kwa nini sijapanda kitu pale. Watu wote wameniambia kahawa ingekubali sana, kuna majivu. Sijapanda. Nimepaacha duara vilevile, napafagia, na nimepazungushia kamba. Ndani hamna kitu cha kuona. Hapo ndipo tutasimama.

Na kwa kuwa wageni wako hawajui Kiswahili wala Kihaya, nitakayosema mimi utawatafsiria wewe. Hapana mwingine. Nimemwalika Mwalimu Damari wa shule ya wasichana asimame karibu, yeye Kiingereza anakijua mpaka cha kwenye kamusi. Hatasema kitu. Ukiruka neno atakohoa. Ukilipunguza atakohoa. Tumeshafanya mazoezi, anakohoa vizuri sana.

Sentensi ya kwanza nakutumia mapema, ili uwe unaitafutia Kiingereza chake humo melini. Nitasema hivi: Hapa ndipo ilipokuwa nyumba ya baba yetu, na aliyeibomoa ni huyu anayewatafsiria.

Ya pili nitakwambia ukifika, baada ya kuona uso wako.

Safiri salama, funika kifua, upepo wa ziwani ni mbaya. Usilete kadi nyingine, ukuta umejaa.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni.