Nani Anaiita tumaSalamu?

Mina, acha unachofanya. Kuna msiba bwenini, na marehemu ni mapenzi ya Signe na Thatcher.

Unaikumbuka programu waliyoiunda pamoja, ile inayomletea Signe salamu za Thatcher kila asubuhi? Signe alitaka kumchokoza. Akaweka kile kipengele alichotufundisha Bwana Lindqvist darasani, kinachosimama mlangoni mwa tumaSalamu, ile sehemu ya programu inayotuma salamu, bila kugusa msimbo wake, kisha kinaandika nani ameiita. Alitaka kujua Thatcher anapobonyeza kitufe, amrushie picha ya mbuzi papo hapo.

Leo salamu ikaja. Akasoma jina la mwitaji.

Hakuna kitufe, Mina. Ni kipima saa, kinachotuma salamu chenyewe kila asubuhi. KIPIMA SAA!

Akamfuata bwaloni, nami nyuma yake, jamaa anafakamia pankeki.

"We Thatch, salamu zangu anatuma nani?"

"Mimi, mpenzi."

"Kipima saa kinasema ni chenyewe."

Na yule bwege: "Lakini maneno niliandika mimi!"

"Lini?"

"Septemba. Yote kwa mkupuo."

Septemba, Mina! Na huku theluji ya Machi inayeyuka! "Nimekuota jana," Septemba!

Signe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata ile ya siku tuliyomzika bibi? 'Leo niko nawe'?"

Thatcher akaitazama shira kwenye sahani.

Nilikuwa na mzaha mdomoni. Nikaumeza.

Sasa Signe amejifunika blanketi, ananiomba nimfutie. Nikamuuliza, kipima saa?

Hapana, Mina. Kile kipengele. Anataka salamu ya kesho ije bila jina la mwitaji.