Randu na Mstari wa Mama Mkwe

Josephine, uko? Nimeshindwa. Kwa mtu mmoja.

Si leo tulikuwa tunachagua mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule, hapa Minjila? Mwalimu mkuu akasema hakuna karatasi, ni mlolongo. Kila mzazi lazima asimame nyuma ya mgombea mmoja, mimi au mwenzangu.

Mistari ikatoshana. Akabaki Randu, mume wa binti yangu Jumwa. Yeye ndiye aliyenipendekeza! Akaenda kwa mwenzangu.

Kwa mwenzangu, Josephine!

Nikamgeukia. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe mama. Nitabananaje mstari mmoja na mama mkwe?"

Wazee wakampigia makofi kwa adabu yake.

Hata mimi nilipiga.