Kuvu Njema Haingoji Sikukuu

Jumatano, 23 Oktoba

Tumepoteza mteremko wa chini. Wote! Jana, kwa mvua ya mchana mmoja tu. Zabibu zilikuwa zimeshikwa na kuvu njema, ile inayozikausha na kuzidisha utamu, zimenywea, ngozi kama karatasi, ndani asali tupu. Sasa zimefura maji na kupasuka. Zinanuka siki. Nzi tele. Nusu ya mvinyo mtamu wa mwaka huu — kwisha.

Na zilikuwa tayari tangu wiki iliyopita! Ukungu wa mto Bodrog kila asubuhi, jua kila mchana, upepo mkavu jioni. Mtu aombe nini zaidi? Lakini kaka yangu Ambrus hasikii: hatukati zabibu kabla ya sikukuu ya mitume Simon na Yuda, tarehe 28. Baba hakukata kabla. Babu hakukata kabla.

Kwani kuvu inasoma kalenda?

Alhamisi, 24 Oktoba

Mteremko wa juu umepona, upepo umeukausha. Nimeonja punje — tamu mpaka taya zinauma. Utabiri: mvua kubwa Jumamosi jioni.

Zabibu hizi huchumwa punje moja moja. Mchumaji hodari hapiti kilo kumi kwa siku. Wanawake ishirini, kilo mia mbili. Mwaka ungeokoka.

Nikampigia Jolán, kiongozi wa wachumaji. Akajibu: watakuja, dada Etelka, ila Ambrus aseme kwanza. Shamba ni la nyote wawili, na Jolán hataki kununiwa naye kanisani.

Ambrus nilimkuta anaosha mapipa, anapiga mluzi. Mluzi! Eti nimekaa Vienna miaka kumi na miwili nikisugua sufuria, leo namfundisha zabibu. Nikamwambia sufuria hizo ndizo zilizonunua miche yote ya mteremko wa juu. Yeye kanunua nini? Kofia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemburuta hadi mteremko wa chini. Nikamtilia punje kiganjani. Akanusa, akaitupa. Kisha, bila kunitazama:

"Huu ni msimu wa kwanza Baba hayupo. Nikikata kabla ya siku yake, mdogo wangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Moyo ukanilegea — kidogo. Halafu hasira ikarudi maradufu. Kwani mimi nilimzika nani, jirani? Enzi za Baba mvua na baridi zilikuja kwa wakati, sikukuu ikishapita. Angeliona wingu hili, angekuwa ameshabeba ndoo!

"Tutaona," akasema.

Tutaona! Si tumeona Jumanne?

Nimemwambia hivi. Kesho saa moja asubuhi Jolán na wenzake watakuwa kwenye mteremko wa juu na ndoo zao. Uje usimame mbele yao. Kama ni hapana, itamke kwa sauti, wasikie wote kwamba imetoka kwako. Sitaki tutaona. Sitaki Simon, sitaki Yuda. Saa moja, Ambrus: ndiyo au hapana?