Visu vya Darini

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini ulinilea nisifungue mdomo mbele ya mkubwa kabla ya shikamoo, na sitaanza ujeuri leo.

Nakuandikia kutoka Ngarenaro, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la cherehani ninapofanya kazi. Nashona sare za shule na kukunja pindo za suruali za watu. Mama amebaki kule juu Kikatiti na migomba yake, hataki kusikia habari za kuhamia mjini. Ana afya, ila amekuwa mtu wa maneno machache. Wewe unamjua, Mama akinyamaza ujue mambo si mazuri.

Kesi yako imekwisha. Hakimu alisema mshtakiwa wa kwanza amefariki, kwa hiyo shauri dhidi yake limekoma, akafunua karatasi nyingine. Miaka minne ya kutuambia upelelezi haujakamilika, halafu dakika mbili. Tulipotoka nje Mama aliniuliza, "Kwa hiyo wamesema hakuwa gaidi?" Nikamwambia hapana, Mama, wamesema amekufa.

Mwili walitukabidhi siku ya nne baada ya wewe kufia mahabusu. Wewe uliyekuwa ukituhimiza maiti isicheleweshwe, ulikaa siku nne kwenye jokofu ukisubiri sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Waliokuosha walirudi wamejiinamia. Walisema kidonda cha mguu, kile cha sukari, kilikuwa kimefika mfupani. Tulikuzika haraka, watu kumi na wachache, na wawili kati yao hatukuwajua, walisimama kando na simu zao wakitupiga picha. Hata dua watu waliitikia kwa sauti ya chini.

Msikiti upo, bati zake zile zile, lakini madrasa imefungwa. Mwalimu alirudi kwao Kondoa. Mtendaji ametuagiza kila mgeni anayelala kwenye nyumba ya Muislamu aandikwe kwanza ofisini kwake. Shangazi alipokuja kumpa Mama pole, ilibidi aende kuandikwa kabla hajavua viatu. Nyumba za Walutheri hazikuagizwa hivyo. Wala siwalaumu wao, hawakuomba. Ila nilipomwona shangazi yangu wa miaka sabini anapanga foleni ili aruhusiwe kumlilia kaka yake, nilitaka kutukana. Sikutukana. Siku hizi sote tunaogopa, Baba.

Mwezi wa kumi na mbili Baba Elibariki, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alifanya sherehe ya kipaimara ya mtoto wake wa mwisho. Unakumbuka zamani? Hakuna Krismasi, harusi wala kipaimara kilichopita pale mlimani bila wewe kuitwa kuchinja, ili Waislamu nao wale. Ulikwenda na kanzu yako ya kazi, mimi nyuma nimebeba kopo la maji. Wao wakikinga damu ya mnyama kwenye sufuria wakaipike, wewe, kwa kuwa kwetu ni haramu, ulijifanya unautazama Mlima Meru, na Baba Elibariki anakutania, "Shehe, mlima haujahama." Mlicheka kila mwaka kwa utani ule ule. Safari hii hawakumwita mtu. Walichinja wenyewe, wakatuletea Mama na mimi sinia la wali na maharage, bila kipande cha nyama. Baba Elibariki alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mama, mtusamehe, tumeogopa." Mama akapokea sinia, akamshukuru. Tulikula. Chakula hakikuwa na ladha yoyote.

Sasa nije kwenye jambo langu. Nimezunguka vya kutosha.

Siku walipokuchukua msikitini baada ya alasiri, wewe na mzee Athumani mwadhini, kwa ajili ya wale wageni wa tabligh, wahubiri wa kusafiri, waliolala pale siku tatu, mimi nilikuwa nyumbani peke yangu. Mama alikuwa sokoni. Jua halijazama, gari mbili zikaingia uani. Walipekua kila kitu. Walichana magodoro, walimwaga unga. Halafu mmoja, mpole kuliko wenzake, aliniuliza kama tuna silaha. Nikasema hatuna. Akaniuliza, visu je?

Baba, nilijivunia visu vyako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote pale nyumbani ilikuwa kuvitunza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kisu kinolewe mbali na mnyama, kifunikwe, asikione mpaka dakika yake, maana kumwonyesha ni kumuua mara mbili. Kwa hiyo baada ya kuvinoa nilivifunga kwenye khanga kuukuu na kuvipandisha darini, juu ya zizi la mbuzi. Nilivileta mwenyewe. Vitano. Nikamwambia yule askari, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni, "Baba huwa anavificha." Nikaendelea kumweleza habari ya mbuzi, kwamba mnyama asikione kisu. Kalamu yake ilikuwa imeshasimama. Akasema, "Hayo ya mbuzi hayatuhusu." Akanisomea haraka haraka, nikatia sahihi. Nilidhani nimekusifia. Nilidhani nimewaonyesha mtu mwenye huruma hadi kwa mnyama, na kwamba kesho yake utarudi.

Maelezo yangu ni mistari minne. Mshtakiwa anamiliki visu vitano. Ana kawaida ya kuvificha darini. Basi.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, pengine ningelala usingizi. Lakini kila nilipokuja kukuona mahabusu, wewe upande wako wa wavu na mimi upande wangu, ulikuwa unaniuliza jambo moja. "Nani aliwaambia kwamba navificha? Mtu wa nje aliyejua ni Athumani tu." Maana mzee Athumani ndiye mliyekuwa mkienda naye kuchinja, na ndiye pekee wa nje aliyewahi kupanda darini. Mara ya kwanza nilisema sijui. Mara ya pili ikawa vigumu zaidi. Nilikuwa nakuletea sabuni na dawa, nakueleza kahawa imechanua, na uongo wangu nimekaa nao hapo hapo. Ukaacha kula naye. Ukahamia kona nyingine ya selo. Mara ya mwisho mguu ulikuwa umeshavimba, ukaniambia, "Athumani ameniuza, Zuhura. Miaka thelathini tumeswali bega kwa bega, kaniuza." Nikaangalia chini. Nikasema, "Pole, Baba."

Ni mimi. Si yeye. Ni mimi niliyesema.

Umekufa ukimchukia mtu asiye na kosa, nami nilikuwa na miaka minne ya kukwambia. Niliogopa uso wako tu, Baba. Si askari, si jela. Uso wako.

Samansi imenifikia wiki iliyopita. Kesi ya mzee Athumani inaendelea, na mimi ni shahidi wa upande wa mashtaka. Wanataka nisome ile mistari minne ili yeye, kwa kuwa alikuwa akichinja na wewe, aonekane alijua silaha zilikofichwa. Mwanasheria niliyemwuliza alinionya nisimsogelee mzee kabla ya ushahidi. Nilikwenda. Amekonda, meno ya mbele hana tena. Nikamwambia yote, nalia mpaka askari magereza akagonga meza. Mzee akanisubiri nimalize, akasema, "Nilijua, mwanangu. Waliniambia siku ya kwanza, wakati wananihoji, kwamba mtoto wa mwenzangu ameshasema."

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia. Miaka yote ile, ndani ya chumba kimoja.

Akasema, "Alikuwa akitoka kuonana na wewe anarudi anatabasamu. Nikaona bora anichukie mimi."

 Nilirudi Ngarenaro, nikaanza kukuandikia barua hii.

Jumanne nitasimama kizimbani. Nitawaambia nani alivipandisha visu darini na kwa nini, nitawaeleza habari ya mbuzi mpaka mwisho, hata hakimu akinikatiza, hata wakinigeuzia mashtaka mimi. Ninaogopa sana. Nitasema.

Mola akurehemu, Baba, na akupanulie hapo ulipolala. Msamaha wako siuombi leo. Kuna mtu unapaswa kumwomba wewe kwanza, na kwa sababu yangu huwezi tena. Kwa hiyo nitamwomba mimi kwa niaba yako, kila siku atakayobaki hai, akiwa ndani au nje.

Mwanao,
Zuhura