Nani Alichora Simba wa Bucha

Kitui, 3 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Mimi mzima. Natumaini kifua chako kimepona na Mama hajambo. Huku jua linakausha rangi hata kabla haijafika kwa turubai.

Baba, chuo kimetuweka wawili wawili. Kila mmoja wetu anayechora amepewa mwanafunzi wa historia ya sanaa. Mimi nachora, yeye anaandika kazi yangu imetoka wapi, kisha mwezi wa tano tunaonyesha pamoja. Wangu anaitwa Farouk, kijana wa Mwingi. Anauliza maswali kama polisi wa trafiki! Lakini picha yangu ya simba ameipenda sana. Nitang'ara, utaona.

Binti yako,
Wamucii

Mtito Andei, 20 Februari

Binti yangu,

Kifua kimetulia. Mama yako anakusalimia na anauliza kama unakula.

Jana nilikuwa juu ya ngazi, naandika "Chai Chapati" kwa ukuta wa hoteli. Kijana akasimama chini. "Mzee, yule simba wa pale kwa bucha alichorwa na nani?" Nikamwambia ni mimi, mwaka wa tisini na nane. Akatoa simu akanionyesha simba uliyemchora wewe. Macho yale yale ya kutazama kando, kivuli kile kile chekundu.

"Aliyechora hii anaitwa Wamucii Ngure," akasema. "Anasema yote amejifunza chuoni, na babake ni mfanyabiashara. Unamjua?"

Nikamwambia kwetu akina Ngure ni wengi. Akaenda zake.

Sikutaka kukuaibisha. Soma kwa bidii.

Baba yako

Kitui, 24 Februari

Baba,

Leo sikuulizi hali, maana aliyeiharibu ni mimi.

Barua yako niliianza nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Wenzangu wana baba mawakili, baba madaktari. Niliogopa watasema naiga mabango ya barabarani. Nikamfuata Farouk nikamwambia ukweli. Hakushangaa. Picha yangu ilimkumbusha simba wa bucha aliyewahi kumwona akiwa kwa basi, akaja huko kuhakikisha, akaliona jina lako chini ya mkia. Akasema, "Uongo wako ningeuandika vizuri sana. Lakini jina langu singeliweka chini yake."

Alisikia huko kwamba kampuni ya simu itapaka ule ukuta wa bucha rangi yao mwezi wa nne. Turuhusu tuje tumpime simba, tumpige picha, na wewe utueleze. Nisamehe, Baba.

Mtoto wako,
Wamucii

Mtito Andei, 9 Aprili

Binti yangu,

Sisi wazima. Kusema kweli nilikuwa nimeamua kutokujibu. Halafu mkaja bila kualikwa, ukapanda ngazi yangu na futi mkononi, huyo Farouk akiishika ngazi kama ameshika fahali. Nikashindwa kukasirika.

Nimesoma maandishi aliyoniachia. Anajua kuandika, lakini amekosea. Anasema nilijifundisha mwenyewe. Nani hujifundisha? Mimi nilifundishwa na Mutisya wa Kikima, fundi wa kuandika malori. Miezi sita alinipiga vidole kabla ya kuniruhusu kugusa rangi nyekundu. Macho ya kando ni yake. Alisema simba akimkodolea mteja macho, mteja haingii.

Mutisya awe wa kwanza kwa hiyo karatasi, mimi wa pili, wewe wa tatu. La sivyo, mnitoe.

Kufika Kitui kwa maonyesho sitaweza, nina lori la maji la kuandika.

Baba yako

Kitui, 5 Mei

Baba,

Natumaini una nguvu, kwa sababu kuna kazi.

Jumamosi tulifungua maonyesho. Farouk akasoma, Mutisya wa kwanza. Mkuu wa idara akauliza, "Huyu Mutisya ni nani? Sijawahi kumwona kwa kitabu chochote." Farouk akanitazama. Nikachukua maikrofoni.

"Ndiye aliyemfundisha mwalimu wangu."

"Na mwalimu wako ni nani?"

"Baba yangu. Anaandika mabango Mtito Andei, na ni fundi kuliko sisi wote humu ndani."

Mkuu akatoa daftari akaniomba nimtajie majina yenu, herufi moja moja.

Najua simba wa bucha ameshafunikwa. Lakini ndovu wa kituo cha petroli bado yuko, na twiga wa pale lojing'i wanapolala wasafiri. Darasa zima linakuja Jumamosi, watu kumi na wanane, kila mchoraji na mwandishi wake. Nimewaambia unaanza saa moja kamili na hupendi wachelewaji. Mkuu wa idara anakuja pia. Naye mpe brashi.

Binti yako na mwanafunzi wako,
Wamucii