Shubiri Niliyoizamisha

Kwako Abti, kaka wa mama,

Salaam aleikum. Tangu upate kazi ya kulinda miche ya mtarakwa huko Marsabit, kila ukipiga simu ni mti, mti, mti. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, ila ulimi sikuuacha, basi leo nakujibu kwa kalamu.

Unakumbuka ulivyokuja Balambala na kipande cha mtarakwa mfukoni, ukanipa ninuse? Nikakwambia kinanuka kama penseli. Ukaringa, "Nguzo ya mti huu hailiwi na mchwa."

"Ndiyo maana wanaumaliza, Abti. Mti wako unasifiwa ukishakufa."

Mama alicheka mpaka chai ikammwagikia. Siku ile nilikushinda, kubali tu.

Kesho yake ukanipeleka nyuma ya zizi, kwenye shubiri zilizobaki baada ya wachemsha utomvu wa kuuza kung'oa nyingine na mizizi yake. Ulikata jani moja la chini, ukampaka ndama wa ngamia kidondani, mmea ukaachwa mzima. Ukaniambia, "Mtarakwa una askari. Hizi zina wewe." Nikajipiga kifua: ziko mikononi mwa mwanaume.

Sasa, Abti, mama alikwambia zilikufa kwa ukame. Alinifichia. Ni mimi.

Jua la kwetu unalijua. Hapa ukipenda kitu unakipa maji. Nikabeba mitungi kutoka Tana asubuhi na jioni, nikipita makusudi mbele ya wasichana ili waulize. Majani yakanenepa, nikadhani ni afya. Kumbe yanaoza kutoka chini. Mama akavuta shina moja, likatoka kama jino bovu.

"Umezizamisha," akasema. "Wewe ukipewa mbuzi utamfundisha kuogelea."

Wallahi sikulala vizuri wiki nzima. Nilipata chipukizi moja tu lililokuwa zima. Nikaliacha kivulini hadi pale nilipolikata pakauke, nikalipanda kwenye changarawe, kisha nikaketi bila kufanya lolote. Hiyo ndiyo kazi ngumu, mitungi ni mchezo. Kila jioni mkono ulikuwa unaniwasha nichote maji, nami naukalia.

Mwezi huu limetoa ua, Abti. Jekundu, refu kama mkono wangu, na ndege chozi wanakuja kunyonya asubuhi. Pembeni kuna vichipukizi vitatu. Mama ananiita profesa, kwa kejeli kidogo, lakini nimepokea cheo.

Kwa hiyo tupime. Mtarakwa unataka ukungu, uzio na askari wa kuwafukuza wenye misumeno. Shubiri inataka watu waondoe mikono yao, na yangu ilikuwa ya kwanza. Njoo uione, kisha unigombeze kadiri utakavyo. Wewe, kwenye kivuli cha miche yako atakaa mjukuu wako. Mimi ua langu nimeliona.

Nakuacha na amani na baridi yako ya mlimani.

Mpwa wako, mlinzi asiye na sare