Bibi Mazu Alikubali Kila Kifaa, Kompyuta Haiwaki

Mpendwa mshauri, Dada Lan-hua, habari za siku nyingi, natumaini lile goti ulilolilalamikia redioni limepata nafuu, mimi ni msikilizaji wako wa Changhua, nauza chapati za mayai asubuhi, na naomba msaada wako maana nimefika mahali naogopa hata kuingia sebuleni kwangu.

Binti yangu Pin-yu alipokuwa akijiandaa na mtihani wa chuo cha uchoraji wa majengo, nilimwekea Bibi Mazu, mungu wetu wa kike wa baharini, nadhiri kwamba mtoto akifaulu nitaunda kompyuta ya nyumba nzima kwa mikono yangu, ya bei ya watu kama sisi, naye akafaulu, sasa mimi shule yangu iliishia njiani, vifaa hivyo sivijui, nikafanya ninalolijua, kila kifaa nilichokiona dukani nilikipiga picha, nikaenda hekaluni, nikapiga magoti, nikarusha vile vipande viwili vyekundu vya mti vya kumuulizia mungu, nikauliza, "Bibi, hiki ni kizuri?" na kila mara kimoja kikalala kifudifudi kingine chali, ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikanunua prosesa, huo wanaouita ubongo wa kompyuta, kwa huyu, memori kwa yule, kasha kwa mwingine, mazabodi, ule ubao wa kuunganishia vyote, mwisho, na muuzaji wa mazabodi akaniuliza, "Shangazi, prosesa ya nyumbani ni ya aina gani?" nikamjibu, "Wewe funga tu, mwanangu, imeshaulizwa kwa wakubwa wako."

Dada, havipatani. Prosesa ina vijino chini, mazabodi nayo ina vijino vyake, vikatazamana kama majogoo, nikadhani ni ugeni tu, nikakandamiza kwa kidole gumba, nikasikia kach! Memori nayo pengo lake haliangukii mahali pake, na mazabodi yenyewe haienei kwenye kasha, inatokeza kama mguu nje ya shuka. Nikaweka juu yake ile pakiti ya kijani ya vitafunio tunayowekea mashine ili ziwe na adabu, Pin-yu akacheka, "Mama, huyu hajazaliwa unampa vitafunio!" nikacheka naye, kumbe analia, akasema, "Mwambie Bibi wako aje aiunganishe." Baba yake hakuinua kichwa kwenye uji wake, akasema tu, "Jumapili ahamie kwa shangazi yake Taoyuan, kule kuna kompyuta inayowaka."

Begi limeshafungwa, liko mlangoni. Ni mtoto wangu wa pekee. Tangu siku hiyo sijawasha udi, maana ama Bibi alinidanganya ama hanijui, na sijui lipi chungu zaidi. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumapili.

Mama Pin-yu, Changhua

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pin-yu, goti bado linauma, asante, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Sasa kaa nikugombeze.

Ungemwoza binti yako hivi? Uulize "bwana harusi ni mzuri?", uulize "bibi harusi ni mzuri?", usiulize kama wanafaana? Bibi alijibu ulichouliza. Swali lililobaki aliliuliza muuzaji, nawe ukamziba mdomo kwa jina la Bibi. Hapo ulikosea, dada yangu.

Lakini soma tena barua yako. Prosesa inagombana na nani? Mazabodi. Memori? Mazabodi. Kasha? Mazabodi hiyohiyo. Basi usitupe vyote, badilisha huyo mmoja. Prosesa mpelekee fundi anyooshe vijino kwa kibano, wewe usiiguse. Kisha beba kila kitu, nenda duka moja, vitandaze mezani, useme: nataka mazabodi inayoipokea prosesa hii, inayoikubali memori hii, na inayoenea kwenye kasha hili. Kadi ya kuleta picha kwenye skrini usinunue ikiwa prosesa yako inatoa picha yenyewe, muulize muuzaji. Usilipe mpaka iwake mbele yako.

Nenda Jumamosi, na uende na Pin-yu. Usimwombe abaki. Mwombe akuchagulie. Nadhiri yako ilitaja mikono yako, haikukataza macho yake. Ukitoka nyumbani washa udi, usiulize kitu, omba radhi tu.

Siwezi kukuahidi kwamba hatakwenda Taoyuan. Mtoto aliyekwishafunga begi amekwishaondoka nusu. Ila niandikie Jumapili hiyohiyo, hata mistari miwili, nijue begi liko wapi.